Kwa Bibi Kuna Wanga

Niyongabo ni fundi cherehani wa Kasulu mjini, na kwa mkasi hana mpinzani. Mpelekee kitenge kilichoharibiwa na fundi mwingine. Atakitazama kwa huruma, atakigeuza huku na huku, atasonya kidogo, na jioni utaondoka na gauni. Maharusi wa Makere na wa Kabanga humfuata yeye. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo ilimtangulia kila alikokwenda. Miaka mingi ya kukaa kwenye kiti kile kile, miguu ikikanyaga cherehani na mkono ukipokea maandazi, ilimpa tumbo ambalo si la fundi hata kidogo, ni la diwani.

Tumbo lenyewe halikumnyima usingizi. Kila lilipoongezeka alifumua mshono wa nyuma wa suruali, akaachia kitambaa kidogo, akashona tena, maisha yakaendelea. Lakini kitambaa cha akiba nacho kina mwisho. Kwenye harusi ya mteja wake mwenyewe, mchungaji alipowaambia watu wapige magoti, suruali ya Niyongabo ilitoa mlio uliosikika hadi kwa wanakwaya. Watu walicheka, na kicheko angekivumilia. Kilichomchoma ni mteja aliyekuja kesho yake kuchukua suti, akaanza kuvuta mshono mmoja mmoja mbele ya macho yake kuona kama itamsitiri. Fundi gani huyo anayevutiwa mishono kibandani kwake?

Basi akala kiapo cha kupungua. Akaingizwa kwenye kundi la wasapu linaloitwa Kitambi Kwaheri, linaloongozwa na dada mmoja wa Dar es Salaam, jina lake Shadia, ambaye sauti yake ilimfikia kila alfajiri ikiwa imechangamka kuliko inavyostahili saa zile. "Wapendwa wangu," Shadia alikuwa akisema, "adui yenu ni mmoja tu. Adui yenu ni wanga!" Ugali ni wanga. Wali ni wanga. Ndizi, viazi, mihogo, mkate, chapati, uji, vyote wanga. Ukiondoa hivyo vyote umeiondoa Kasulu nzima mezani, lakini Shadia hajawahi kufika Kasulu, kwa hiyo hilo halikumhusu. Yaliyobaki ni mayai, nyama, mchicha na maparachichi, na kila mwanakundi alitakiwa kutuma picha ya sahani yake ili wenzake wampigie makofi.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu lugha, maana ndilo lililoleta balaa lote. Shadia, ambaye Kiswahili amekinyonya kwa mama yake, alisema "wanga mwingi". Niyongabo ni mtoto wa wakimbizi wa Burundi waliopewa uraia. Nyumbani kwao walisema Kirundi, majirani wakasema Kiha, na Kiswahili alikikuta shuleni pamoja na viboko. Yeye alisema "wanga wengi". Na wanga wengi, kama kila mtu ajuavyo, si chakula. Ni wale jamaa wanaozunguka uchi nyumba za watu usiku kwa nia mbaya. Pale kibandani kwake hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Ajabu ni kwamba alipungua kweli. Mashavu yalishuka, shingo ikaonekana. Wateja wakaanza kumuuliza mkewe, Jeanne, kwa sauti ya chini, kama mzee ameshapima. Jeanne alijibu kwamba mume wake hana ugonjwa wowote ila simu. Alimchemshia mayai yake, akawapikia watoto ugali, na kwa kuwa yote yalifanyika nyumbani kwake, mlango umefungwa, hayakumdhuru mtu.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, binti yao Irakoze alitangaza kwamba watoto wenzake wote darasani huenda likizo na wao hawajawahi kwenda popote. Jeanne akasema wataenda Busunzu, kule Kibondo, kwa mama yake. Niyongabo akakubali kwa moyo mkunjufu. Hewa nzuri, matembezi shambani, mke ametulia, watoto wanacheza: alijiona kabisa akirudi kibandani kwake amepungua zaidi. Shadia naye alikuwa ameshawaonya kuhusu likizo. "Wapendwa, likizoni ndiko mnakoangukia! Beba chakula chako. Na ndugu wakikulazimisha, simama imara. Familia ndiyo mtego wa kwanza!" Niyongabo akasimama imara. Akachemsha mayai, akayajaza kwenye hotpoti kubwa, akafunga kifuniko, akaenda nalo ukweni.

Rudia hiyo sentensi taratibu. Mwanamume mzima, mwenye akili zake, aliondoka Kasulu na mayai ya kuchemsha kwenda kuyala kwa mama mkwe.

Mama mkwe huyo anaitwa Pelagia. Ni mjane, mfupi, mwepesi wa miguu, na Busunzu yote inamjua kwa jambo moja: sufuria zake. Harusi ikifungwa, mtu akifiwa, askofu akija, mwiko anashika Pelagia. Maharage yake na mawese yamewafanya watu wenye uadui wa mipaka ya mashamba wakae benchi moja. Hana shamba kubwa wala mtoto mwenye cheo. Heshima yake yote kijijini imo ndani ya sufuria. Aliposikia mkwewe anakuja kukaa likizo nzima, alianza kuloweka mihogo na kuchagua maharage kabla hata wao hawajafunga mizigo.

Walipofika, meza ilikuwa imejaa. Ugali wa muhogo unaofuka moshi, isombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa ikalainika, maharage, viazi vitamu, kuku aliyepikwa na ndizi. Jeanne alikuwa nje akimnawisha mikono Fidele, mtoto wao mdogo. Ndani walibaki Niyongabo, Irakoze na Pelagia, aliyesimama kando kwa adabu, kama inavyompasa mama mkwe, akingoja mkwewe apakue.

Niyongabo akaitazama meza. Mate yalimjaa kinywani, na huyo ndiye mtu wa hatari kuliko wote, mtu mwenye njaa na msimamo. Akafungua hotpoti.

"Mabukwe," akasema, maana wakwe wa kwao huitana hivyo, "usihangaike na mimi. Nimekuja na changu."

"Na chako?" Pelagia akauliza.

"Hapa kwako naona wanga wengi sana, mabukwe. Wanga watupu! Mimi na wanga tuliachana zamani."

Kiswahili cha Pelagia ni cha gulioni. Neno wanga alilijua kwa maana moja tu, na haikuwa ile ya Shadia. Akasema "Eeh," akachukua kawa, akafunika ugali wake polepole. Niyongabo alikuwa ameshainama anapiga picha mayai mawili. Kundi lilimpongeza sana.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha kwa kila mtu isipokuwa yeye. Watoto walinawiri. Waliamka na uji, wakashinda na mahindi ya kuchoma, viazi vya kuchoma, maboga, miwa, asali iliyotoka msituni, na katikati ya hayo wakala chakula. Fidele alikuwa na tabia ya kuja kutafunia karibu na sikio la baba yake. Niyongabo akawa mkali bila sababu. Aligombana na jogoo. Mchana mmoja Fidele aliacha nusu kiazi juu ya kigoda, na baba yake alikitazama kiazi hicho kwa muda mrefu, akakishika, akakinusa, akakirudisha mahali pake, kisha akaenda kutembea shambani kwa hatua kubwa kama mtu aliyetukanwa. Alijiona shujaa. Kwamba mama mkwe wake alikuwa ameacha kuzungumza, hilo hakuliona.

Aliyeuliza swali alikuwa jirani, Esteri, na alimuuliza Irakoze bombani walipokuwa wakichota maji.

"Baba yako anaumwa? Mbona hatujamwona akila kwa bibi yako?"

"Haumwi," Irakoze akajibu, maana ni mtoto msema kweli. "Anasema kwa bibi kuna wanga wengi. Anakula mayai yake tu, aliyatoa nyumbani."

Esteri si mtu mbaya. Mtu akiugua, yeye ndiye wa kwanza kufika na kuni. Lakini habari ikiingia kwake haikai hata kumeza mate. Jua lilipotua, habari ilikuwa imeshapita nyumba zote: mkwe wa Pelagia amekuja na chakula chake, hagusi sufuria ya mama mkwe, na sababu ameitaja mwenyewe, kwa kinywa chake.

Na hapo mzaha unaishia, kwa sababu jina hilo likimng'ang'ania mjane halimwachii. Watoto hukatazwa kupita uani kwake. Ng'ombe akifa anaulizwa yeye. Kesho yake akina mama wa kanisani walikuja kwa Pelagia na sauti za asali. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno, na kila mwaka mpishi mkuu ni yeye. "Mama Jeanne, umetuhudumia sana," wakasema. "Mwaka huu pumzika. Tutapika sisi." Waliomba na miiko mikubwa, ile ya kanisa, ambayo hukaa kwake. Pelagia aliwatolea, moja baada ya nyingine, akawasindikiza hadi njiani. Aliporudi alikaa jikoni, moto umezimika, akamwambia binti yake: "Mumeo ananiita umurozi." Kwa lugha ya kwao, mchawi.

Jeanne alimkuta mumewe nyuma ya nyumba, anamenya yai.

"Umemwambia nini mama?"

"Mimi? Sijamwambia kitu."

"Niyongabo. Umemwambia nini?"

"Nilisema tu hapa kuna wanga wengi."

Jeanne alitazama lile yai, akamtazama yeye. Akacheka mara moja, kicheko kifupi kibaya, halafu machozi yakamtoka. Alimweleza kila kitu: bombani, akina mama, miiko. "Mama yangu hana kitu kingine," akasema. "Mikono yake tu. Na wewe umeiharibu kwa ajili ya suruali."

Niyongabo alishtuka kwa dhati. Ni mtu mwema. Ujinga wake haukuwa na ubaya ndani yake, na ndiyo sababu ulifika mbali namna ile. Akaamua kwenda kueleza. Ningekuwepo ningemshika shati.

Alimkuta Pelagia uani, na Esteri amekuja kurudisha ungo, au anasema amekuja kurudisha ungo, pamoja na majirani wengine waliokuwa na sababu zao.

"Mabukwe, tumeelewana vibaya," Niyongabo akaanza. "Sikusema wewe ni mwanga. Wanga wamo ndani ya chakula."

"Wamo ndani ya chakula changu," Pelagia akasema.

"Wamo, lakini si chako peke yako! Hata ugali wa huyu jirani una wanga. Wengi tu!"

"Mimi?" Esteri akatoa macho.

"Wote! Wanga wako kila nyumba. Hata kwangu Kasulu walikuwepo, wamejaa jikoni. Nimewafukuza mwenyewe, na mnaona mwili ulivyokuwa mwepesi!"

Esteri akaweka ungo chini, akashika kifua.

"Mana yanje, Mungu wangu," akasema. "Kumbe ni mganga."

Asubuhi yake, kabla watoto hawajanywa uji, mzee mmoja aitwaye Nizigiyimana alikuja kubisha hodi. Mbuzi wake wawili walikuwa wamekufa kwa kuhara na mjukuu wake ana homa isiyokwisha. Alikaa kwenye kigoda, kofia magotini, akazungumza kwa heshima ambayo Niyongabo hajawahi kuipata hata siku ya harusi yake.

"Nimesikia unawaona, mwanangu."

"Hapana mzee, hilo ni neno tu, ni kitu cha kwenye vyakula..."

"Sihitaji uwataje wote," mzee akasema kwa upole. "Nitajie mmoja tu. Mmoja unatosha. Vijana wapo."

Mzee hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka na amepata matumaini. Na alipokuwa akingoja jibu, macho yake yalikuwa yakielekea mlango wa jikoni, alikokuwa Pelagia, kana kwamba nusu ya jibu anayo tayari. Niyongabo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alimwambia mzee ampeleke mjukuu zahanati siku hiyo hiyo, akamwapia kwa Mungu kwamba yeye ni fundi cherehani na hajui lolote. Mzee aliondoka akiamini kwamba waganga wakubwa ndivyo wanavyosema.

Akamtumia Shadia ujumbe wa sauti, akamweleza yote, akamwomba ushauri. Jibu lilikuja likiwa limechangamka. "Mpendwa wangu, usikubali! Hizo ni mbinu za ndugu kukurudisha nyuma! Simama imara!" Niyongabo akaizima simu, akaitumbukiza chini kabisa ya begi.

Jumapili kanisa lilijaa. Ibada ilipokwisha, sufuria zilipangwa kwenye meza ndefu uwanjani: pilau, nyama, ndizi, kabichi. Pelagia hakutaka kupeleka chochote. Ni Jeanne aliyemlazimisha, wakapika pamoja tangu alfajiri, wakabeba sufuria yao ya maharage na ugali wao wa muhogo, wakaviweka mwisho kabisa wa meza. Watu walipita. Walimsalimu vizuri, wakamuuliza habari za wajukuu, wakamsifia kitenge, wakaendelea kutazama sahani zao. Hakuna aliyekuwa na neno baya, na hakuna aliyenyoosha sahani. Pelagia alisimama mikono imekaa juu ya tumbo, akijibu salamu moja moja, na sufuria yake ilikuwa imejaa mpaka kwenye ukingo.

Niyongabo alikuwa kwenye foleni na sahani. Alipita pilau. Alipita nyama, ambayo hata Shadia mwenyewe angeibariki. Akafika mwisho wa meza.

"Mabukwe, nina njaa."

Foleni ikapunguza mwendo. Pelagia alimtazama, akawatazama watu. Halafu akamega tonge dogo la ugali, akalichovya kwenye maharage, akaanza kulipeleka kinywani mwake mwenyewe.

Kila aliyekuwa pale alielewa. Mwenye pombe humeza funda la kwanza ili mgeni aone haina sumu. Mgeni, mtu wa njiani, mtu asiyekujua. Mtoto wa nyumbani haonjewi. Mwanamke huyu aliyekuwa amewalisha wote, harusini na msibani, alikuwa anataka kuonja ugali wake mbele ya mume wa binti yake ili aaminiwe.

Aibu ilimpanda Niyongabo mpaka masikio yakawaka. Akaufanya utovu wa adabu ambao mkwe haufanyi: akamshika mama mkwe mkono, mbele za watu.

"Usionje, mama," akasema. Hakusema mabukwe. "Usinionjee."

Akalichukua lile tonge kwenye vidole vya Pelagia, akalila yeye.

"Baba!" Irakoze akapiga kelele kutoka kwenye benchi la watoto, maana amelelewa kukumbusha wakubwa. "Baba, huo ni wanga!"

"Ni ugali, mwanangu," Niyongabo akasema kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa kwenye lango la kanisa. "Unaitwa ugali. Bibi yako ameupika, na mimi ni mjinga."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Pelagia akapakua. Niyongabo akala amesimama pale pale, akamaliza, akanyoosha sahani tena, akapakuliwa, akala. Mzee Nizigiyimana alikuja akasimama karibu, akamtazama anavyotafuna, akaguna, kisha akaenda kutafuta sahani. Esteri alikuja baada yake, hawezi kuinua macho. Pelagia alimwacha asubiri kidogo, si sana, akampa ugali na maharage ya kutosha. Baada ya hapo foleni ilijipanga yenyewe.

Sasa tumbo lililozoea mayai huwezi kulishambulia kwa muhogo na maharage bila taarifa. Kabla watu hawajaanza kunywa chai, la Niyongabo lilikuwa limejaa upepo na linamkata pande zote. Jasho likamtoka. Na alijua vizuri kwamba siku hiyo, katika uwanja huo, yeye peke yake hana ruhusa ya kuumwa. Akiinama tu, akishika ubavu tu, kila kitu kimekwisha, na safari hii hakuna wa kukirudisha. Basi akanyooka. Akazunguka uwanja mzima akisalimia watu, akawauliza habari za mazao, akabeba watoto wa wenzake, akacheka mizaha ambayo hakuisikia. Jeanne alimtazama kwa mbali na kwa mara ya kwanza tangu wafike, alimtazama vizuri.

Mwishowe akarudi mezani, uso umepauka, tabasamu liko mahali pake. Pelagia alikuwa anakwangua sufuria.

"Umeshiba?" akamuuliza polepole, maana mama huona.

"Nimeshiba, mama," Niyongabo akasema kwa sauti kubwa, akageuka ili wote wasikie. "Nimeshiba kabisa."

Pelagia akatazama sahani yake, akatazama kilichobaki kwenye sufuria.

"Bado kidogo," akasema, akamwongezea.